Vifungio vya kuficha kwa fanicha za plaiwudi zinazofungwa nyumbani kwa mteja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yetu iko Arusha, na kazi zetu nyingi zinaishia Njiro, Sakina, Moshono, Usa River na Moshi mjini, nyingine kwenye loji za Karatu na ndani ya hifadhi. Tunakata na kutoboa hapa, tunapeleka bodi zikiwa zimelala, tunazifunga kwa mteja. Maswali haya yanatoka kwa wateja na kwa mafundi wenzetu, na tumeyajibu jinsi tunavyoyajibu ana kwa ana.

Kwa nini msilete kabati likiwa limeshakamilika?

Kitu kidogo tunakileta kizima: meza ya pembeni, stuli, droo za kitanda. Kabati la nguo ni habari nyingine. Chukua kabati lenye kimo cha mm 2400 na kina cha mm 600. Likilazwa chini halafu mkalisimamisha, kona yake inapita juu kwenye mm 2474, maana huo ndio urefu wa kona hadi kona. Kama dari ya jipsamu imeshushwa hadi mm 2450, kabati linalotosha vizuri likiwa limesimama haliwezi kusimama. Watu wengi hupima mlango na ngazi, dari wanaisahau.

Kuna uzito pia. Bodi moja ya plaiwudi ya mm 18, ile ya futi nane kwa nne, ina kilo 30 hadi 35 hivi. Kabati la milango minne linakula bodi tano au sita, kwa hiyo mnabeba zaidi ya kilo 150 kwenye ngazi yenye kona, na vigae vipya chini. Kwa loji, barabara nayo ina neno lake. Lami kutoka Arusha inakufikisha hadi geti la Loduare la Ngorongoro. Kuanzia hapo ni vumbi, mawe na mtikisiko usiokatika. Boksi zima juu ya Canter linachezacheza kwenye viungo vyake njia nzima. Bodi zilizolazwa, zikawekewa maboksi katikati na kufungwa kamba, zinafika kama zilivyotoka.

Kifungio cha kuficha ni kipi hasa?

Viko vya ngazi mbili, na ni vizuri useme unataka ipi kabla ya kuuliza bei. Ngazi ya kwanza ni kile usichokiona milango ikiwa imefungwa, lakini ukifungua na kuinamisha kichwa unakiona chini ya shelfu. Ngazi ya pili hakionekani popote, labda katundu kadogo tu. Ngazi ya pili inagharimu zaidi sana, na kwa kabati lenye milango hatuoni sababu yake. Ihifadhi kwa shelfu la vitabu lililo wazi, kaunta ya mapokezi, au meza inayoonekana pande zote.

Mnaanzia wapi kuchagua?

Tunaanzia kwenye bisibisi: itaingilia wapi? Hili ndilo swali linaloamua zaidi kuliko mengine yote, na ndilo linaloulizwa kwa kuchelewa. Kabati likikaa kati ya kuta mbili, zimebaki mm 10 kila upande, huwezi kukaza chochote kutoka nje. Kifungio lazima kikazwe kutoka ndani ya boksi. Ukishanunua skrubu za kupigia kutoka pembeni, umeshajifungia njia, labda ufunge kabati sebuleni halafu ulisukume, na hapo tunarudi kwenye dari na ngazi.

Halafu tunauliza fanicha itafunguliwa mara ngapi maishani mwake. Kabati la jikoni kwenye nyumba ya mwenyewe linafungwa mara moja. Kabati la mpangaji linahama. Kaunta ya maonyesho inafunguliwa kila tukio. Kifungio kinachoshika kwa meno yake kwenye mbao kinachoka kidogo kila kinapochomolewa. Chenye chuma ndani ya chuma hakichoki namna hiyo.

Mwisho, uzito unaelekea wapi. Vifungio vingi vya kuficha vina kazi moja tu, kuvuta bodi mbili zibanane. Havikutengenezwa kubeba. Mzigo unaposhuka chini, kama vitabu juu ya shelfu au mtu juu ya kitanda, lazima kitu kingine kiubebe: doweli (vile vijiti vya mbao vya duara vinavyoingia kwenye bodi zote mbili), mfereji uliochongwa kwenye bodi ya pembeni, au kipande cha mbao chini ya shelfu. Anayeitegemea kamu, kifungio cha kuzungusha tunachokieleza hapa chini, ibebe peke yake shelfu la mafaili atairudia kazi hiyo.

Bei tunaijadili baada ya hayo matatu.

Vile vya kamu, ambavyo wengi madukani wanaviita Minifix, vinafaa kwa plaiwudi?

Vinafaa, na kwa makabati mengi ndivyo tunavyotumia. Ni sehemu mbili: bolti yenye kichwa, inayofungwa kwenye uso wa bodi ya pembeni, na kamu, kile kitufe cha duara cha mm 15 kinachozama kwenye uso wa bodi ya kulala. Bolti inapita kwenye tundu la mm 8 lililotobolewa ukingoni, kamu inazungushwa kama nusu duara, inakamata kichwa cha bolti na kukivuta. Unakaza kutoka ndani, unafungua kutoka ndani.

Ugumu wake uko kwenye vipimo. Kwa bodi ya mm 18, tundu la kamu linakwenda kina cha mm 13.5 hivi, na kitovu chake kiko mm 24 au 34 kutoka ukingoni kulingana na urefu wa bolti. Kabla ya kuingiza bolti, mshale ulio juu ya kamu uangalie ukingo. Ukiangalia kwingine bolti haiingii, na fundi mwenye haraka anaanza kupiga nyundo.

Sasa angalia jambo hili kwa karibu, maana ndipo plaiwudi inapotofautiana na bodi za kiwandani. Bodi iliyoandikwa 18 ukiipima kwa kalipa mara nyingi ni pungufu, tuseme 17.2. Kamu ya bodi ya 18 imetengenezwa bolti ipite mm 9 kutoka uso wenye kamu. Kama kamu iko chini ya bodi ya juu, juu ya bolti zimebaki mm 8.2 tu. Ukitoboa bodi ya pembeni mm 9 kutoka juu kama kitabu kinavyosema, bodi ya juu inakaa mm 0.8 chini ya ile ya pembeni. Pitisha kidole, unakisikia kingazi. Paka vanishi, kila mtu anakiona. Kwa hiyo pima unene wa bodi zilizo mbele yako, siyo ulioandikwa, na vipimo vyote vianzie uso ule ule wenye kamu.

Biti inatokea upande wa pili. Tatizo ni nini?

Ncha ya kati. Biti nyingi za Forstner, zile za kutoboa tundu pana kama la kamu, zina ncha ndefu inayotangulia. Ukienda kina cha mm 13.5 kwenye bodi ya mm 17.2 zimebaki mm 3.7, na ncha peke yake inaweza kuwa mm 3 au zaidi. Tafuta yenye ncha fupi, au ipunguze kwa jiwe la kunolea. Weka pia kola ya kuzuia kina kwenye biti. Utepe wa karatasi uliozungushwa unasaidia kwa matundu machache, ila kwenye kazi ya siku nzima unapanda juu bila wewe kuona.

Plaiwudi ipi inashika vifungio vizuri?

Ile isiyo na mapengo ndani. Mengine yote yanafuata hapo.

Plaiwudi ni matabaka ya mbao nyembamba yaliyogundishwa, kila tabaka nyuzi zake zikipishana na za mwenzake. Kwenye bodi za bei ya chini, matabaka ya ndani hayakuunganishwa vizuri, na katikati kunabaki vijitundu virefu usivyoviona kwenye uso. Bolti ya kamu ikiangukia hapo inazunguka bila kushika kitu. Kabla ya kununua, zungukia bodi kingo zote nne ukiwa na tochi ya simu. Mapengo matatu au manne ukingoni ni ishara ya mengi ndani. Gonga uso kwa kifundo cha kidole ukienda polepole: penye pengo mlio unabadilika.

Aina ya mti nayo ina uzito. Bodi ya msonobari ni nyepesi na laini. Yenye mikaratusi au mbao nyingine ngumu ndani inashika meno ya skrubu vizuri zaidi, ingawa ni nzito kubeba. Kwa bodi laini hatufungi bolti ya kamu moja kwa moja kwenye mbao. Tunatumia bolti ya M6 ikiingia kwenye nati ya kuzamisha, yaani nati ya chuma inayokaa ndani ya tundu la bodi. Ni hatua moja zaidi, lakini kabati likihama linafungwa tena likiwa imara vile vile.

Na kumbuka, plaiwudi ina nguvu usoni na udhaifu ukingoni. Skrubu inayoingia ukingoni inaingia katikati ya matabaka na kutaka kuyaachanisha. Ukiweza kupanga kazi ili meno yote yashike kwenye nyuso, panga hivyo.

Na MDF au chipubodi?

Vipimo vya kamu ni vile vile, na bodi hizo zina unene wa kuaminika zaidi. Ila ukingo wake unabomoka mapema kuliko wa plaiwudi, na zikiloa zimekwisha. Kwa fanicha itakayofunguliwa na kufungwa tena, sisi tunapendekeza plaiwudi.

Skrubu nene zile za kukazwa kwa spana ya L si rahisi zaidi?

Unazungumzia Confirmat, ile ya mm 7 kwa 50. Ni rahisi, ni imara, na fundi yeyote anaiweza: tundu la mm 5 ukingoni, tundu la mm 7 kwenye bodi inayopitiwa, unakaza. Kichwa chake kinaonekana nje, na kile kifuniko cha plastiki kinaonekana pia, tena wakati mwingine vibaya kuliko kichwa chenyewe.

Lakini kuonekana ni suala la mahali. Makabati ya jikoni yakipangwa matano mfululizo, pembeni mwa yale ya katikati hakuna atakayeona maishani. Funga hayo kwa Confirmat, halafu mwanzo na mwisho wa mstari weka paneli ya mapambo iliyoshikwa kwa skrubu kutoka ndani ya boksi. Hivyo hivyo chini ya kitako, nyuma inayogusa ukuta, na juu ya kabati lililopita kimo cha macho. Mteja anayetaka kuokoa fedha aanzie hapa. Kazi kubwa ya kuficha inafanywa na mchoro, na kifungio cha bei kinabaki kwa viungo vichache ambavyo mchoro hauwezi kuvificha.

Tahadhari moja: kwa bodi ya mm 18, sehemu ya skrubu inayobaki ukingoni ni mm 32. Bila tundu la kutangulia plaiwudi itapasuka, na mpasuko huo haurudi kwa gundi.

Nimeona video za kifungio kinachoingia kwenye mfereji bila skrubu. Ni nini kile?

Bila shaka ni vya Lamello, kampuni ya Uswisi. Clamex P-14 ni vipande viwili vya plastiki ngumu vinavyoteleza ndani ya mfereji uliochongwa kwa umbo maalumu, kila bodi na kipande chake. Ukishakutanisha bodi, unaingiza spana ya alen ya mm 4 kwenye katundu ka mm 6 na kuzungusha. Ndoano ya ndani inakamata. Kwa nje kinachobaki ni katundu hako tu. Bodi zinasafiri zikiwa tambarare kabisa, hakuna bolti inayochomoza na kukwaruza bodi ya jirani, na hilo kwetu ni faida kubwa kuliko urembo. Kinafanya kazi hata kwenye kona iliyokatwa nyuzi 45, mahali ambapo kamu inasumbua.

Ndugu yake, Tenso P-14, hana hata katundu: unabana bodi, inanasa, gundi inakaukia hapo bila klampu. Hiyo ni ya kufunga mara moja, siyo ya kuhamahama.

Kikwazo ni mfereji wenyewe. Unachongwa na mashine ya Zeta P2, ambayo bei yake karakana ndogo hailipi bila kufikiri, au na CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta, yenye biti yake maalumu. Ruta ya kawaida yenye biti nyoofu haiwezi kuuchonga. Ndiyo maana tunashauri fundi asinunue vifungio hivi kwanza akitumaini mashine itapatikana baadaye.

Kwa mwenye CNC, kipo pia Cabineo cha Lamello. Chenyewe kinakaa usoni kwenye shimo linalochongwa na biti ya mm 15, na skrubu yake inaingia kwenye tundu la mm 5 la bodi ya jirani. Uzuri wake ni kwamba ukingoni hutoboi kabisa: kazi yote inafanyika usoni, bodi ikiwa imelala mezani mwa mashine. Kinaonekana ndani ya kabati, kwa hiyo ni cha ile ngazi ya kwanza.

Vitanda vinafungwaje visipige kelele?

Kitanda kina adui mmoja, ambaye ni kiungo kinachosogea. Mtu anajigeuza, ubavu wa kitanda unasogea kidogo, na kila usiku unalegeza zaidi. Kamu haifai hapa hata kidogo, tunasema hivyo bila kuzunguka.

Tunatumia njia mbili. Ya kwanza ni bamba za ndoano: bamba moja usoni mwa ubavu kwa ndani, jingine kwenye ubao wa kichwani, na ubavu unashushwa juu yake. Uzito wa mlalaji unazidi kuzikaza. Skrubu zake zote zinaingia usoni, pale plaiwudi ilipo na nguvu, na godoro likiwekwa huoni chochote. Kwa vyumba vya loji ndizo tunazochagua, kwa sababu mhudumu anaweza kukifungua kitanda bila zana akitaka kusafisha au kuhamisha chumba.

Ya pili ni bolti ya M8 na nati ya silinda inayolala ndani ya ubavu. Ni imara kupita zote. Kichwa cha bolti upande wa kichwani kinageukia ukutani, hakionekani. Upande wa miguuni kinaonekana, kwa hiyo huko tunabadilisha na kuweka ndoano. Kwa njia zote mbili, miguu na mbavu tunagundisha plaiwudi mbili za mm 18 zipate mm 36. Ubavu wa bodi moja unapinda, na kiungo kizuri hakiwezi kuuzuia.

Nataka kabati la juu la jikoni lisiloonyesha skrubu ukutani.

Kata kipande cha plaiwudi ya mm 18 kwa nyuzi 45 urefu wote. Nusu moja ifungwe ukutani, mkato ukitazama juu na ndani. Nusu nyingine nyuma ya kabati, mkato ukitazama chini. Kabati linainuliwa, linashushwa, linajivuta lenyewe kwenye ukuta. Acha mm 20 za nafasi juu ya kabati, la sivyo hutaweza kuliinua na kulishusha. Nafasi hiyo unaifunika baadaye kwa ubao mwembamba.

Ukuta wa tofali la saruji unahitaji fisha ya mm 10, ile plagi ya kushikia skrubu ukutani, na skrubu inayolingana nayo. Plasta peke yake haishiki. Tofali zenye matundu zinahitaji fisha zake, kwa hiyo toboa tundu moja la majaribio uone unga unaotoka kabla ya kupanga matundu yote.

Kabati limefungwa vizuri lakini linayumba. Kosa liko kwenye kifungio?

Mara nyingi liko nyuma. Kamu na ndugu zake wanavuta. Hawazuii boksi kulala upande. Kinachozuia ni bodi ya nyuma. Weka plaiwudi ya mm 6 iingie kwenye mfereji pande zote, au ifungwe kwa skrubu kila mm 150 hivi. Kabla ya kuikaza, pima kona hadi kona kwa tepu, zote mbili. Vipimo vikilingana boksi liko mraba, kaza. Visipolingana, sukuma kona ile yenye kipimo kirefu. Ukishakaza nyuma likiwa limepinda, milango haitanyooka kwa bawaba yoyote.

Nihesabu vifungio vingapi?

Kwa kina cha mm 600, kila kiungo kamu mbili na doweli mbili za mm 8, kamu zikikaa karibu na mbele na nyuma. Boksi lenye bodi ya juu, ya chini na shelfu moja la kudumu lina viungo sita, kwa hiyo kamu 12 na doweli 12. Mashelfu ya kuhamishika hayahitaji kamu: matundu ya mm 5 yaliyopangwa kila mm 32, mstari wa mbele ukiwa mm 37 kutoka ukingoni. Ndio mpangilio ambao bamba za bawaba na reli nyingi za droo zimetengenezewa, hivyo mstari mmoja unahudumia vyote.

Ongeza vichache vya akiba kwenye mfuko. Fundi aliye Karatu aliyepungukiwa kamu moja hana pa kukimbilia jioni.

Gundi tuweke au tusiweke?

Doweli ipate gundi upande mmoja tu, ule wa bodi inayobaki nayo. Upande wa pili mkavu. Ukiweka pande zote mbili umetengeneza kabati lisilofunguka, na vifungio ulivyonunua havina kazi tena.

Naweza kutumia drili ya kupigapiga kukazia kamu?

Hapana. Kamu nyingi ni za aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Mapigo yanaivunja masikio. Tumia bisibisi ya mkono, au drili ya betri ikiwa imewekwa kwenye namba ndogo ya kukaza. Unapofika mwisho unahisi mkononi, na hisia hiyo mashine inakuibia.

Nyumba yangu ndiyo kwanza inamalizika. Mlete lini?

Baada ya plasta na skimu kukauka na madirisha kuwekwa vioo. Ukuta mpya unatoa maji kwa wiki nyingi, hasa ukipigwa wakati wa masika kati ya Machi na Mei, au kwenye baridi ya Juni na Julai pale Arusha ambapo jua halionekani. Plaiwudi inayanywa na kunenepa, na doweli iliyokuwa inaingia tunduni kwa kidole gumba inataka nyundo. Moshi kuna joto zaidi na kunakauka upesi, lakini nyumba ya Shanty Town iliyofungwa madirisha ina unyevu kama ya Arusha.

Huu ndio uzuri wa kufungia kwa mteja. Bodi zinakusubiri karakanani zikiwa kavu, zinakuja siku mafundi wengine wameshaondoka. Kingo zote, hata zile za chini zisizoonekana, zipakwe vanishi au ziwekewe ejingi, ule utepe wa kufunika ukingo, kabla ya safari. Matundu yazibe kwa utepe wakati wa kupaka. Vanishi iliyoingia kwenye tundu la mm 8 inatosha kuifanya bolti isipite.

Mimi ni mpangaji. Nikihama nitaweza kulifungua mwenyewe?

Ndiyo, likiwa la kamu, Clamex au nati za kuzamisha. Toa milango kwanza, kisha bodi ya nyuma, kisha bodi za kulala kuanzia juu. Kila bodi tunaiandika namba kwa penseli ukingoni, mahali panapofichwa na kiungo, pamoja na mshale wa mbele. Weka kamu zote kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye nguzo ya kutundikia nguo. Mifuko hiyo hupotea kuliko kitu chochote siku ya kuhama.

Kijana wangu anaipenda kazi hii. Akajifunze wapi?

Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kinachofundisha kazi za mbao kama taaluma ya kiwanda. VETA ipo Arusha na Moshi pia. Baada ya hapo atafute karakana inayopima kwa milimita.

Nina fundi wangu. Mnaweza kukata na kutoboa tu, yeye akafunga?

Tunaweza. Lete mchoro wenye vipimo vya nje, useme upande gani umebanwa na ukuta, na ulete kipande cha bodi utakayotumia kama umeinunua mwenyewe, maana tunatoboa kwa unene wake halisi. Kabla ya kutoboa kazi nzima tunatengeneza kona moja ya majaribio kwa mabaki ya bodi hiyo hiyo. Fundi wako aje aifunge na kuifungua yeye mwenyewe. Akiridhika, tunaendelea, kama kuna kingazi au bolti inagoma, tunarekebisha kwanza jigi, kile kiongozi cha kutobolea, na kona ile anaondoka nayo iwe kipimo chake akiwa kwa mteja.